Kiwewe na tiba ya macho: yasome haya kabla hujakataa rufaa

Umemwambia daktari kwamba hulali, na kwamba fataki zikilipuka mtaani moyo unakuruka, unajikuta umejibanza ukutani na watoto wanakushangaa. Akakuandikia rufaa. Wiki kadhaa baadaye inakuja barua yenye herufi nne: EMDR, kifupi cha Kiingereza cha tiba ya kiwewe inayotumia miondoko ya macho. Unaitafuta mtandaoni, unakuta video ya Mzungu anapeperusha vidole mbele ya uso wa mtu aliyekaa kitini. Wengi wetu huishia hapo. Mmoja atasema ni mazingaombwe, mwingine atasema heri aende kuombewa, na barua inabaki juu ya friji mpaka miadi inapita.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hospitalini, na nimekaa katika vyumba hivyo. Ya wagonjwa siyasemi, hayo ni amana. Ila kuna jambo ambalo laiti kila mwenye barua ile angelijua: tiba hii haikulazimishi kusimulia. Kwa watu wetu, hasa akina mama waliopitia yale ambayo hata dada wa tumbo moja hawajaambiwa, hilo si jambo dogo. Unaweza kumaliza tiba nzima bila mtaalamu kujua kwa kina nini kilitokea usiku ule.

Aliyeianzisha ni mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro. Mwaka 1987 alikuwa akitembea bustanini akagundua kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua makali macho yake yalipokuwa yakienda huku na huku. Alichapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1989, na kwa miaka mingi wanasayansi wenzake walimtilia shaka. Leo hali ni nyingine. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye miongozo yake kwa watu wenye PTSD, yaani maradhi yanayobaki baada ya kiwewe. Miongozo ya tiba ya England nayo inaikubali, na inataja vikao 8 hadi 12 kwa mtu mzima wa kawaida, zaidi kwa aliyepitia mengi. Mabishano hayajaisha. Kuna watafiti wanaosema kinachoponya ni kuikabili kumbukumbu kwa utaratibu, na macho ni nyongeza tu. Mgonjwa halimhusu sana hilo. Uking'olewa jino na maumivu yakaisha, hugombani na daktari kuhusu aina ya koleo.

Maelezo yanayotajwa sana ni haya: akili ina sehemu ndogo ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja. Ukiikumbuka picha mbaya huku macho yana kazi ya kufuata vidole, picha hukosa nafasi ya kutosha. Inafifia, hisia zake zinalegea, na inaporudishwa kuhifadhiwa hairudi na ukali wake wa zamani. Hutasahau, wala si lengo usahau. Na si kulazwa usingizi wala kupumbazwa: uko macho, unajua ulipo, na ukiinua mkono kusema basi, inasimama.

Ndani ya chumba

Siku ya kwanza hakuna vidole. Kuna maswali ya historia, ya juu juu, kisha maandalizi, na hapa ndipo haraka yetu inapotuponza. Watu hutaka "dawa" leo leo, wakaona mazoezi ya kupumua ni kupotezewa muda. Mtaalamu makini hataigusa kumbukumbu mbaya mpaka aone unaweza kujituliza mwenyewe. Pengine atakufundisha kukumbatia kwa kipepeo: unapishanisha mikono kifuani, viganja karibu na mabega, unajipigapiga taratibu, kulia, kushoto. Mbinu hiyo ilizaliwa Mexico kwa manusura wa kimbunga Pauline kilichoipiga Acapulco mwaka 1997, na inafaa hata ukiwa peke yako kitandani saa tisa za usiku.

Atakuomba pia ufikirie mahali penye utulivu. Wataalamu wengi hupendekeza ufukwe wenye mawimbi. Sasa aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku kuelekea Kigoma, mtumbwi umejaa na watoto wamezibwa midomo, au aliyevuka Mediterania kwa boti ya mpira, maji yatamtulizaje? Nimeona watu wakiitikia tu kwa adabu, kwa sababu daktari hapingwi. Hapa anapingwa. Mwambie hapo hapakufai. Chagua jiko la bibi wakati wa kupepeta mchele, au kibaraza jua likizama. Kama kwenu kote kumeharibiwa na moto, si lazima pawe mahali: wimbo wa kwaya au kisomo unachokipenda nacho kinatosha.

Ndipo mnachagua kumbukumbu, tena kipande chake kimoja: ile sekunde mlango ulipopigwa teke, basi. Utaulizwa picha hiyo inakufanya ujione vipi. Majibu hufanana: kosa ni langu, sina thamani, siko salama. Utaulizwa ungetamani ujione vipi badala yake. Utapima uchungu kwa namba, 0 hadi 10, na kuonyesha unakukalia wapi mwilini. Hili la mwili kwetu halina tabu. Kifua kimebana, kichwa kinawaka moto, tumbo linasokota: tumeyasema hayo kwa madaktari miaka yote, nao wakatupima malaria.

Mtaalamu anasogeza kiti chake karibu, kando kidogo ya chako. Vidole viwili vinakwenda kushoto na kulia, kichwa chako kimetulia, macho yanafuata, kwa nusu dakika hivi. Vinasimama. "Vuta pumzi. Kuna nini sasa?" Unajibu neno moja au mawili: moshi. "Endelea na hilo." Vidole tena. Sauti ya mama. Tena. Hasira. Tena. Viatu vyekundu vya mtoto wa jirani ambavyo hukuwahi kuvikumbuka tangu siku ile. Usichague wala usijilazimishe. Kikija kitu cha kipuuzi, kitaje. Kisipokuja kitu, sema hakuna. Macho yakichoka, wapo wanaotumia vidude vya kutetemeka viganjani au sauti inayopishana masikioni. Mtu aliyeanza na 9 anaweza kufika 2 siku hiyo hiyo, au akabaki 7 na mkaendelea wiki ijayo. Uchungu ukishashuka, mnalishikiza lile wazo jema, unakagua mwili kutoka utosini hadi nyayoni, na kikao kinafungwa kwa kukurudisha kwenye utulivu. Kwa kawaida ni dakika 60 hadi 90.

Mkalimani: hapa kuwa mkali

Usimbebe mwanao akutafsirie. Najua ndiye anayejua Kiingereza kuliko wote nyumbani, lakini mtoto wa miaka 14 hapaswi kutafsiri neno "kubakwa" la mama yake. Marekani, hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kukupatia mkalimani bila kukutoza, kwa msingi wa sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964. Uingereza huduma za NHS, yaani hospitali na kliniki za umma, nazo huleta mkalimani bure. Ujerumani ndiyo ngumu: tangu mwaka 2015 bima ya umma inagharimia tiba hii kwa watu wazima wenye PTSD, ila mkalimani hagharimiwi, kwa hiyo wengi hukimbilia vituo vya kisaikolojia vya wakimbizi, ambavyo huwa na wakalimani wao.

Jamii zetu ughaibuni ni ndogo. Unayemkuta kwenye kiti cha mkalimani anaweza kuwa mweka hazina wa chama chenu. Una haki ya kumkataa bila kueleza sababu, na kuomba wa simu kutoka mji mwingine. Omba mwanamke ukitaka mwanamke. Taja Kiswahili chako pia: wa Bukavu au Lubumbashi akiletewa mkalimani wa Dar es Salaam, wataelewana, lakini kuna maneno yatapotea, na kwenye tiba hii hayo machache ndiyo kila kitu. Kama umetoka kwenye vita vya kikabila na asili ya mkalimani inakutisha, mwambie mtaalamu. Si ubaguzi, na utakuwa si wa kwanza kusema hivyo.

Jambo lingine ambalo hata wataalamu husahau: mkalimani asikae njia ya vidole. Akae kando au nyuma kidogo, azungumze kwa sauti ya chini, na mkubaliane mapema maneno mafupi yatakayotumika kati ya miondoko. Mkalimani anayegeuza "moshi" kuwa sentensi ndefu anakatiza tiba.

Kupanga maisha kuzunguka miadi

Usiipange kabla ya zamu ya usiku. Wengi tuko kwenye kazi za kulea wazee na maghala, na meneja hataki kusikia, lakini baada ya kikao kizito kichwa huwa kama kimefunguliwa na hakijafungwa. Kwa siku chache ndoto zinaweza kuongezeka, ukalia bila sababu, ukamkaripia mtu bure. Usiendeshe gari mara moja kama unahisi umezubaa. Andika mstari mmoja wa kilichojitokeza, umpelekee mtaalamu. Dawa ulizoandikiwa usiziache kwa uamuzi wako.

Mweleze mapema kama una kifafa au tatizo la macho, kama unakunywa ili upate usingizi, kama umewahi kufikiria kujiua, au kama kuna nyakati "unapotea", unajikuta umeshuka stendi hujui ulifikaje. Haya hayakuzuii kutibiwa. Yanamfanya aende taratibu. Kama anayekupiga bado mnaishi nyumba moja, usalama wako ndio utangulie.

Kuhusu uhamiaji: unayosema humo ni siri, isipokuwa pale ambapo wewe, mtu mwingine au mtoto yuko hatarini. Ukiwa na kesi ya hifadhi au ya jinai inayoendelea, mjulishe wakili wako kwamba umeanza tiba. Na maombi? Endelea nayo. Hakuna mahali tiba hii inapogombana na sala. Anayekuambia uchague kati ya mchungaji na kliniki, au kati ya shehe na kliniki, anakutwisha mzigo usio wako.

England, mtu mzima anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa huduma ya NHS Talking Therapies bila kupitia kwa daktari, na foleni ni ndefu, kwa hiyo jiandikishe leo. Ukilipa mfukoni, hakikisha mtu huyo kwanza ni mtaalamu wa afya ya akili aliyesajiliwa, kisha ana mafunzo ya EMDR. Vyama vya wataalamu wa tiba hii, EMDRIA kwa Marekani na EMDR Europe kwa Ulaya, vina orodha zao. Programu za simu zenye nukta inayokimbia kwenye skrini, na wale wanaouza "kozi ya kujiponya" kwenye WhatsApp, waache: kufungua kumbukumbu ni rahisi, shida ni kuwa peke yako inapokufurika. Kikao cha video na mtaalamu wa kweli hakina neno, mradi una chumba chenye mlango unaofungwa.

Vikao vichache vikipita na huoni badiliko lolote, sema. Anaweza kubadilisha kumbukumbu mnayoilenga, au akakupeleka kwenye tiba nyingine ya mazungumzo inayolenga kiwewe, ambayo nayo ina ushahidi mzuri. Na usiku ukizidiwa kabla miadi haijafika, usiisubiri: Marekani na Kanada piga 988, England piga 111 na uchague namba 2. Marekani au England wakipokea, anza kwa kusema "Swahili interpreter, please", kisha usikate simu hata kukiwa kimya; wanamtafuta.