Laptopu inasuasua kwenye Wi-Fi? Pima kwanza, ndipo umpigie mtoa huduma

Wadau wa Arusha na Moshi, wengi wanaolalamika kwamba "mtandao uko chini" bando lao ni zuri tu. Spidi inapotelea kati ya ruta na laptopu, humo humo ndani. Twende kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Jua tatizo liko upande gani

Beba laptopu hadi karibu na ruta, funga programu zote, fungua fast.com, tovuti ya kupima spidi. Papo hapo pima na kwa simu. Zote mbili zikiwa chini, laini inayoingia nyumbani ndiyo yenye shida, au kuna mtu anashusha muvi chumba cha pili. Simu ikikimbia na laptopu ikijikokota, mgonjwa ni laptopu. Zote zikiwa safi hapo lakini chumbani zinakata roho, ni umbali na kuta.

Halafu hesabu: kifurushi cha 20 Mbps ni megabiti 20 kwa sekunde. Faili litashuka kwa megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa sababu unagawanya kwa 8. Hujaibiwa.

Hatua ya 2: Imeshika bendi (masafa ya redio) gani?

Kwenye Windows fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri), andika `netsh wlan show interfaces`, utazame mstari wa Channel, yaani chaneli, njia ndani ya bendi. Namba 1 hadi 13 ni bendi ya gigahezi 2.4. Ukiona 36 au zaidi, kwa kawaida uko kwenye 5.

Hapa ndipo kwenye kiini cha mambo. Bendi ya 2.4 inafika mbali na inapenya kuta, lakini ina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ukipanga Ngarenaro au Majengo, kila mpangaji na ruta yake, wote mnagombania hizo tatu. Mwenye nyumba yake katikati ya migomba kule Kibosho hata haelewi tunalalamikia nini. Bendi ya 5 ina nafasi kubwa, ila ukuta wa tofali za bloku unaichosha haraka.

Tazama pia mstari wa Receive rate. Ukisoma 72 (Mbps), hicho ndicho kikomo cha kadi nyingi za Wi-Fi (kifaa cha ndani ya laptopu kinachoshika mtandao) za antena moja kwenye 2.4, na kiuhalisia ukipata nusu yake shukuru. Kulipia Mbps 100 kwa laptopu hiyo ni kutupa hela.

Hatua ya 3: Ihamishe

Ingia Device Manager, fungua Network adapters, bofya kadi yako ya Wi-Fi mara mbili, nenda Advanced, tafuta Preferred Band, chagua 5. Kadi isiyo na 5 GHz haiponi kwa mipangilio: nunua kidude cha USB chenye bendi zote mbili, au ingia kwenye ruta uchague chaneli yenye msongamano mdogo kati ya zile tatu.

Hatua ya 4: Vidogo vidogo

Zima VPN, ile programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mbali. Chomeka chaja upime tena, maana hali ya kubana betri huilegeza kadi. Angalia kama OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) au Windows Update inavuta kimyakimya. Na ruta itoeni nyuma ya TV, jamani.

Maswali ya wadau (kila mmoja kwa jina la mtaa wake)

*Sakina:* Mkuu, nikichomeka diski ya nje Wi-Fi inakatikakatika. Ni virusi?

Hapana. USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye 2.4. Hamishia diski tundu la upande wa pili, tumia waya mrefu kidogo, au hamia 5.

*Pasua:* Mimi sina ruta, natumia hotispoti ya iPhone. Inakwenda taratibu na bando linayeyuka.

Dada, kwenye mipangilio ya hotispoti zima Maximize Compatibility. Ikiwa imewashwa inakulazimisha 2.4. Kuhusu bando, fungua mtandao huo kwenye Windows, uwashe Metered connection. Masasisho mengi yatasubiri.

*Njiro:* Mwanangu, fundi anataka hela abadilishe DNS, eti spidi itapanda mara mbili.

Shikamoo mzee. DNS kazi yake ni kutafuta anwani ya tovuti. Kurasa zinaweza kuanza kufunguka upesi kidogo, lakini spidi ya kushusha faili itabaki ile ile. Usimlipe kwa hilo. Mwambie avute waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi mezani kwako, huo ndio ulipie.