Kumvua besi Naivasha maji yanapobadilika

Wengi wanaofika Naivasha na fimbo za kuvulia huuliza kwanza: nitumie chambo gani? Mimi nakushauri uanze na maji. Ziwa hili halina mto unaotoka juu ya ardhi, kwa hiyo mvua ikizidi linapanda, na ukame ukija linashuka vibaya. Mwaka 2009 ufuko ulirudi nyuma sana. Mwaka 2020 maji yakaingia hadi nyumba za mtaa wa Kihoto. Besi mwenye mdomo mkubwa, samaki wa asili ya Amerika Kaskazini aliyepandikizwa hapa mwaka 1929, anahama kadiri ziwa linavyohama. Ukimtafuta pale ulipomkuta mwaka jana, utarudi mikono mitupu.

Hatua ya 1: Leseni, boti na viboko

Kata leseni ya uvuvi wa michezo, na uulize kama ziwa liko wazi, maana kuna nyakati uvuvi hufungwa. Kodi boti yenye nahodha wa hapa hapa, na vaa jaketi la kuokolea tangu gatini. Usivulie ukiwa umesimama ufukweni alfajiri au magharibi. Hizo ndizo saa ambazo kiboko anatoka kulisha au anarudi majini, na hataki kukuta mtu njiani mwake. Mkiwa botini, mkiona viputo vinatembea kwa mstari mbele yenu, geuzeni mapema. Hakuna samaki anayestahili hatari hiyo.

Hatua ya 2: Pima rangi ya maji

Hapa ndipo siku nzima inapoamuliwa, kwa hiyo usiharakishe. Funga chambo cheupe cha mpira kwenye mshipi, kishushe taratibu kando ya boti, upande wenye kivuli. Kikipotea machoni, bana mshipi kwa vidole pale unapogusa maji, kisha uuvute na uupime kwenye fimbo.

Kikipotea kabla ya futi moja, maji ni machafu. Hali hii utaikuta sana upande wa kaskazini wakati wa masika, Machi hadi Mei, mito ya Malewa na Gilgil inaposhusha udongo. Samaki wa kapi, ambao wamezagaa ziwani tangu miaka ya 2000, nao huchimbua tope chini na kuyachafua zaidi. Besi huwinda kwa macho, na macho yakizuiwa hujibana kwenye kitu: shina la mafunjo, gogo, ukingo wa gugumaji. Hatoki mbali kufuata chakula. Tupa chambo karibu kabisa na mafunjo, umbali wa shubiri moja hivi. Tumia cheusi au cha buluu iliyokoza, chenye bati linalozunguka au gololi ndani, ili samaki ausikie mtikisiko wake kabla hajakiona.

Chambo kikionekana hadi futi tatu au zaidi, mambo yanageuka. Hapo besi anakuona wewe pia. Simamisha boti mbali, tumia mshipi mwembamba zaidi, na chambo chenye rangi ya vitu anavyovila. Kwa Naivasha namaanisha kamba wekundu wa Louisiana, wale wadudu wa majini wenye magando, walioingizwa ziwani mwaka 1970. Chambo cha mpira chenye umbo la kamba, cha kahawia iliyochanganyika na wekundu, ndicho ninachokiamini kuliko vyote.

Hatua ya 3: Upepo wa alasiri

Asubuhi huwa shwari; mchana ukisogea upepo huamka na kusukuma visiwa vya gugumaji. Fuata ukingo wa visiwa hivyo, upande wa kivuli, kwa sababu besi hukaa chini yake akiotea. Ila usiruhusu boti ibaki kati ya gugumaji na ufuko. Yakikufungia, injini inasokotwa na mizizi na utashinda hapo.

Hatua ya 4: Miti iliyozama

Ziwa lilipopanda liliacha migunga mingi imefia ndani ya maji. Ni nyumba nzuri sana ya besi, na ni makaburi ya ndoano. Dawa yake ni kuificha ncha. Pitisha mshipi kwenye risasi (kizito cha kuzamisha chambo) yenye umbo la koni, kisha funga ndoano. Chomeka ncha ya ndoano kwenye kichwa cha chambo cha mpira, itoe pembeni baada ya kama nusu inchi, ivute mpaka jicho la ndoano lizame kichwani. Igeuze, halafu irudishe ncha ndani ya mwili wa chambo. Kiangalie: kikiwa kimejikunja, fungua na urudie, maana kitazunguka majini na besi atakikataa.

Kitupe kando ya shina na ukiache kizame chenyewe, mshipi ukiwa umelegea kidogo. Mara nyingi anakidaka kikiwa kinashuka, na hutasikia mvuto mkali. Utaona mshipi unahama pembeni tu. Vuta ulegevu, kisha pigisha fimbo juu kwa nguvu na umtoe mtini mara moja. Kwa kazi hii mshipi wenye nguvu ya kuhimili ratili 15 si mnene kupita kiasi.

Hatua ya 5: Baridi ya Julai

Julai na Agosti, kukiwa na mawingu na usiku wa baridi, punguza mwendo. Buruta chambo chini, simamisha, subiri, buruta tena. Wala usiwahi sana. Maji yakipata jua kidogo ndipo samaki wanachangamka.

Hatua ya 6: Kumshika

Lowesha mkono, mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba. Meno yake ni kama msasa tu. Akiwa mkubwa, mtegemeze tumbo kwa mkono wa pili, usimning'inize kwa taya. Kama unamrudisha na amemeza ndoano hadi kooni, usiing'oe. Kata mshipi karibu na ndoano umwachie.