Kuandaa orodha ya wanamuziki na watangazaji wa mji mdogo

Orodha nyingi za "mastaa wa kwetu" hukwama kwa sababu moja: hakuna aliyeamua mapema nani anahesabika kuwa mtu wa kwetu. Kabla mwezi haujaisha ubishi umezuka, mmoja anataka mjomba wake aingie, mwingine anauliza kwa nini fulani aliyehamia Nairobi akiwa mtoto yumo, na daftari linaishia kabatini. Kwa hiyo andikeni sheria kwanza, majina baadaye.

Tuchukue Luanda ya kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, iwe mfano. Ni mji wa soko kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia. Maseno ya kaunti ya Kisumu iko jirani, na Gem ya Siaya haiko mbali. Anayeshuka kwenye matatu hapo sokoni anaweza kuwa Mnyore (Mluhya wa Bunyore), mtu wa Maseno au wa Gem, na wote watatu wakiwa Nairobi husema "mimi natoka Luanda". Ukimwandika kila anayesema hivyo, utakuwa na orodha ya abiria.

Fungua safu tano kwa kila mtu: alipozaliwa, alipokulia, aliposoma, alipofanyia kazi, na nyumbani kwao (kwa marehemu, alipozikwa). Mtu aingie kama mji umetokea kwenye safu mbili au zaidi. Mwenye safu moja pekee awekwe kwenye ukurasa wa nyuma, "waliopitia hapa". Sheria hii haimnyimi mtu heshima yake, na inazima kelele nyingi.

Ona jinsi safu hizo zinavyofanya kazi kwa watu wanaojulikana. Ayub Ogada, fundi wa nyatiti (ala ya nyuzi ya Wajaluo), alizaliwa Mombasa mwaka 1956 na kufariki Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, Februari 2019. Ukiwa na safu moja tu ya "anatoka wapi" utalazimika kuchagua, na utakosea kwa nusu. D. O. Misiani alizaliwa upande wa Shirati, Tanzania, akajenga jina lake la benga Kenya, na akafa kwenye ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Bendi aliyoongoza, Shirati Jazz, ina jina la mji ambao haumo Kenya kabisa. Kwa hiyo jina la bendi si ushahidi wa kwao mtu. Lafudhi nayo si ushahidi. Mzee Ojwang' wa vichekesho vya KBC, shirika la utangazaji la taifa, alichekesha taifa kwa matamshi ya Kijaluo, na jina lake lilikuwa Benson Wanjau.

Majina yenyewe yanataka nafasi tatu: la kitambulisho, la jukwaani au hewani, na la nyumbani. Watangazaji ndio wasumbufu zaidi, maana wengine hufahamika kwa jina la utani peke yake na hata majirani hawajui la pili. Andika kila tahajia uliyoikuta, Ochieng na Ochieng', usisawazishe kichwani mwako. Mama akiitwa "nyar Alego", yaani binti wa Alego, Alego ni kwa baba yake, na huenda aliolewa kwingine, hivyo usimhesabu wa huko alikoolewa bila kuuliza alikulia wapi.

Na miji nayo ina majina pacha. Kuna Luanda K'Otieno kando ya ziwa huko Siaya, kwenye kivuko cha kwenda Mbita, na ukitafuta mtandaoni utaletewa mji mkuu wa Angola kabla ya yote. Tafuta kila mara kwa kuongeza neno la pili: Vihiga, Bunyore, Maseno. Kumbuka pia kwamba karatasi ya zamani haitasema Vihiga. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Kakamega mwaka 1990, na karatasi za wakoloni zinasema Kavirondo Kaskazini au Nyanza Kaskazini.

Sasa ushahidi. Kila tarehe na kila mahali pawe na vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana. Hapo ndipo wengi huteleza: magazeti matatu yaliyorudia taarifa moja ni chanzo kimoja.

Chanzo bora kwa marehemu ni kijitabu cha mazishi. Familia nyingi za magharibi huchapisha wasifu wa marehemu na kuutunza, na humo mna shule, mwaka wa kuajiriwa, bendi alizopigia, hata majina ya kaka na dada. Udhaifu wake ni sifa nyingi na tarehe ya kuzaliwa ya kukadiria. Ukikuta 1 Januari kwa mzee aliyezaliwa enzi za mkoloni, andika mwaka peke yake na uweke "takriban". Chanzo cha pili kisichofikiriwa na wengi ni Kenya Gazette, linalotoka kila Ijumaa. Matangazo ya mirathi humo hutaja jina la marehemu, mara nyingine na majina yake mengine, alikokuwa akiishi, na siku na mahali alipofia. Usinakili mambo ya mali na warithi, hayakuhusu.

Kwa wanamuziki wa kale kabisa, angalieni kazi ya Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika Mashariki na mashine ya kurekodi. Mwaka 1950 alirekodi wasichana wa Kikipsigis pale Kapkatet, na rekodi zake zinatunzwa na maktaba ya ILAM, chuo kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, pamoja na kadi zenye lugha, mahali na waimbaji. Mwaka 2015 nakala zilirudishwa kwa jamii hiyo, kazi iliyofanywa na ILAM pamoja na mradi wa Singing Wells, ambao Ketebul Music ya Nairobi imo ndani yake. Ikiwa mji wenu ulipitiwa na msafara kama huo, majina mnayoyatafuta yanaweza kuwa yameshaandikwa, ila kwa tahajia ya mgeni.

Wazee wahojini asubuhi. Sababu si adabu peke yake: alasiri mvua hunyesha juu ya mabati na hakuna kipaza sauti kitakachokuokoa. Kaa mbali na kinu cha kusaga unga, omba redio izimwe, weka simu kwenye hali ya ndege, na iwe umbali wa shubiri moja hadi mbili kutoka mdomoni, juu ya leso iliyokunjwa ili meza isipeleke mtikisiko. Rekodi kwa WAV (faili la sauti isiyobanwa) kama programu ya simu inaruhusu. Mwanzoni sema tarehe, mahali na jina la mhojiwa, naye akubali kwa sauti yake kurekodiwa. Sukari na majani ya chai hayajawahi kuharibu mahojiano.

Usimuulize mzee "mwaka gani". Atakupa mwaka ili kukuridhisha. Muulize kabla au baada: Mboya alipouawa (Julai 1969), Kenyatta alipofariki (Agosti 1978), siku ya jaribio la mapinduzi (1 Agosti 1982, ambapo askari walimlazimisha Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwenye Sauti ya Kenya, redio ya taifa), Gor Mahia ilipochukua Kombe la Mandela (1987). Kwa majibu mawili matatu utakuwa umembana kati ya miaka michache, na hapo ndipo karatasi inapomalizia. Kuhusu watangazaji, watafuteni wale wazee wa klabu za salamu, waliokuwa wakinunua kadi na kuzituma studioni. Wanakumbuka zamu ya kila mtangazaji, siku na saa, kuliko mtangazaji mwenyewe.

Halafu njooni kwenye sanduku lililo chini ya kitanda, maana huko ndiko mji ulikohifadhi sauti zake.

Santuri ndogo ya inchi 7 huzunguka mara 45 kwa dakika, ile ya inchi 10 iliyo nzito na yenye kuvunjika kama sahani ni ya mizunguko 78. Piga picha ya lebo pande zote mbili, mwanga ukitoka ubavuni. Andika kila kitu kama kilivyo: bendi, mtunzi (mara nyingi kwenye mabano chini ya jina la wimbo), namba ya santuri, na mji wa mchapishaji, mathalani Chandarana wa Kericho. Mwaka mara nyingi haumo. Ndiyo maana inama uisome ile sehemu laini kati ya mfereji wa mwisho na lebo: kuna namba imekwaruzwa au kupigwa mhuri pale, na ndiyo namba ya kazi ya kiwandani. Ukipata santuri mbili za kampuni moja ambazo mwaka wake unajulikana, namba iliyo katikati yake huwa ya kati ya miaka hiyo. Jihadhari na kitu kimoja: santuri iliyochapwa upya huweza kubaki na namba ya kazi ya zamani chini ya lebo mpya.

Ya 45 isafishwe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, lebo ikikingwa isilowe. Ya 78 usiiguse kwa spiriti hata kidogo, ile lakki yake huyeyuka. Wala usiichezeshe kwa sindano ya kawaida: mfereji wake ni mpana, unataka ncha ya mikroni 76 hivi badala ya 18, vinginevyo sindano hutembea chini kabisa ya mfereji na kuokota vumbi badala ya gitaa.

Kaseti ndizo nyingi. Kwanza vunja vile vimeno viwili vya juu, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Tazama dirishani: unga mweupe ni kuvu, na kaseti hiyo itengwe kwenye mfuko, kwa kuwa ikichezwa itaambukiza mashine na kila kaseti itakayofuata. Ikiwa kile kipande cha sifongo kinachosukuma mkanda kwenye kichwa cha mashine kimedondoka, sauti itakuwa ya kwenda na kurudi. Fungua skrubu tano na uhamishie mkanda kwenye ganda la kaseti nyingine. Ganda lililogundishwa bila skrubu hupasuliwa taratibu kwa kisu chembamba kwenye kiungo. Zungusha mkanda mpaka mwisho na urudishe mara moja kabla ya kuucheza. Safisha kichwa kwa pamba na spiriti safi, kisha sikiliza herufi "s" na vigoma vya juu. Vikiwa vimefifia, tafuta skrubu ndogo pembeni ya kichwa, izungushe kidogo sana, isizidi robo ya mzunguko, mpaka ving'ae, halafu iache hapo kwa kaseti hiyo.

Ingiza kwenye kompyuta kwa programu ya bure kama Audacity: WAV, 48 kHz, biti 24, kilele cha sauti kisivuke −6 dB. Saa moja ya stirio inakula takriban gigabaiti 1, kwa hiyo C60 nzima (kaseti ya dakika 60) ni kiasi hicho. Nakala za MP3 ni za kugawia watu kwa WhatsApp. Usifute mikwaruzo kwenye nakala mama.

Kasi ndiyo inayowadanganya wengi. Redio kaseti iliyokuwa na betri zilizochoka ilirekodi polepole, na leo mkanda huo ukichezwa kwa mashine nzima, mwimbaji anasikika kama mtoto. Kama palikuwa na chombo cha umeme karibu wakati wa kurekodi, umeachiwa kipimo: umeme wa Kenya huvuma kwa hezi 50. Chunguza sehemu yenye kimya kwa kipimo cha masafa cha Audacity. Mvumo ukionekana kwenye 52, mkanda unakimbia kwa asilimia 4, na unaupunguza kasi kwa asilimia 3.85. Kama hakuna mvumo, acha ulivyo na uandike hivyo kwenye daftari.

Kipindi cha redio kilichorekodiwa nyumbani hujitaja chenyewe ukiwa na subira. Mtangazaji akisema "Sauti ya Kenya", ni kati ya Julai 1964 na 1989, na KBC ni kabla au baada ya hapo. Timu ikiitwa Abaluhya bado haijafika miaka ya themanini, jina lilibadilika kuwa AFC Leopards mwaka 1980. Sikiliza zaidi mwanzo na mwisho wa mkanda, ambapo kipande cha taarifa ya habari au tangazo la kifo kilinaswa bila kukusudiwa.

Kabla ya kuweka sauti hizo hadharani, hesabu vipindi viwili tofauti. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, wimbo unalindwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi, na rekodi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. George Mukabi, bingwa wa omutibo (mtindo wa gitaa wa Waluhya), alifariki 1963, hivyo nyimbo zake zilikuwa huru mwisho wa 2013. Lakini rekodi ya 1972 ya mtunzi aliyefariki 1998 ina ulinzi wa rekodi uliokwisha 2022, na wimbo wenyewe unalindwa hadi mwisho wa 2048. Ziombeni familia kwa maandishi. Kwa walio hai, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ridhaa. Hata hivyo, namba za simu, dini, maradhi na namba za vitambulisho visiingie kwenye orodha hata mwenyewe akivitaja.

Faili ziitwe kwa mtindo mmoja, LUA-KAS-014-A kwa upande wa kwanza wa kaseti ya 14, na namba hiyohiyo ibandikwe kwenye ganda. Nakala mbili kwenye diski za nyumba mbili tofauti, ya tatu mtandaoni. Kaseti na santuri zirudishwe kwa wenyewe, wapewe na MP3 yake, wasaini wamepokea.

Orodha ikichapwa, acha nafasi tupu chini ya kila jina na uweke nakala za kwanza kumi mahali watu wanapokaa: kinyozi, hoteli ya chai, ofisi ya chifu, maktaba ya shule. Funga kalamu kwa uzi. Kusanya baada ya mwezi mmoja. Masahihisho yenye tarehe au kijitabu cha mazishi yapitie safu tano kama mengine, na yale ya "huyu si wa hapa" pekee yarudishwe kwa aliyeyaandika aeleze ni safu ipi.