Namna ya Kukataa Kukopesha Sadaka Bila Kuvunja Heshima

Mwongozo huu ni wa mhazini wa usharika au wa jumuiya, yule anayetunza daftari la sadaka miaka nenda rudi bila mtu kumtaja, mpaka siku mwenye cheo anapomvuta kando na kumwomba "amsaidie kidogo" kutoka fedha za kanisa, kwa ahadi ya kuzirudisha mwisho wa mwezi.

Ujasiri wa siku hiyo huandaliwa mapema. Hesabu sadaka siku ileile kabla ya kutoka kanisani, mkiwa watu wasiopungua wawili. Andika jumla kwa tarakimu na kwa maneno, wote mtie sahihi, na fedha zipelekwe benki siku inayofuata ya kazi. Paulo mwenyewe, aliposimamia changizo la watakatifu wa Yerusalemu, aliwatuma ndugu wengine pamoja ili asilaumiwe na mtu (2 Wakorintho 8:18–21), kwa hiyo anayedai kwamba kuweka mashahidi ni kutoaminiana hajaisoma vizuri barua hiyo.

Ombi likija, jibu kwa ufupi: "Mzee wangu, fedha hizi si zangu, na siwezi kuzitoa bila kikao. Ukiniruhusu, nitaomba wazee waitazame shida yako Jumapili." Usimhubirie, wala usisingizie kwamba ufunguo umepotea, maana kesho atarudi. Kama shida ni ya kweli, tuseme ada ya mtoto au matibabu, mchangie kutoka mfukoni mwako ukiweza.

Wengi wetu hatutaitwa kumkabili mtawala, kama Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa tarehe 16 Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Tutamkabili mzee aliyesimamia ndoa yetu, na nathubutu kusema kwamba hapo ndipo wengi wetu hulegea.

Akikuletea risiti ya saruji ambayo haikununuliwa ili uiidhinishe, usitie sahihi. Fuata Mathayo 18:15–17: zungumza naye faraghani, kisha mbele ya mmoja au wawili, ndipo ulifikishe kwenye baraza la wazee. Kundi la WhatsApp la kwaya si mahali pake. Ukilazimika kuachia nafasi, kabidhi daftari, vitabu vya risiti na taarifa za benki kwa hati iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi, na ubaki na nakala yako.