Mtego wa ndizi: kuhesabu vipepeo wa msitu wa Amani bila kuwaua

Kosa baya kuliko yote hufanyika kabla hata hujaingia msituni, pale mtu anapochana chandarua cha zamani akashonea mtego. Vyandarua vinavyogawiwa siku hizi vina dawa ya kuua wadudu ndani ya nyuzi zake, na vimetengenezwa ili dawa hiyo idumu hata baada ya kufuliwa mara 20. Kipepeo atakayeshinda humo ataanguka akitetemeka, nawe utadhani ni jua. Nenda maduka ya vitambaa Ngamiani, mjini Tanga, ununue kitambaa cha shela, kile kile wanachovaa mabibi harusi. Rangi yoyote itafaa, mradi mitego yote iwe ya rangi moja.

Mtego mmoja unataka mita 1 ya shela yenye upana wa mita 1.5. Kata kipande cha sentimita 85 kwa mita 1, ukishone kama pipa lenye kipenyo cha sentimita 30. Mabaki yanatosha kukata duara la kufunika juu. Chini pabaki wazi. Pipa lishikwe na pete mbili za waya wa uzio, moja juu, moja chini, kila pete mita 1 ya waya. Waya wa kufungia nondo ni laini mno, pete itapinda siku ya kwanza. Kwenye mshono acha sentimita 30 bila kushona, pafunge kwa vibanio vitatu vya nguo. Huo ndio mlango wa mkono wako. Kisha ning'iniza sahani bapa ya plastiki chini ya pete kwa kamba nne, pabaki nafasi ya sentimita 4 kati ya sahani na pete. Pima nafasi hii kwa rula. Ikizidi, vipepeo wanatoka kama walivyoingia. Ikipungua, vipepeo wakubwa wa jenasi ya Charaxes hawaingii.

Mtego wa namna hii huitwa Van Someren-Rydon, na mtafiti Rydon aliandika juu ya matumizi yake Afrika Mashariki mwaka 1964. Unategemea tabia moja tu: kipepeo akishanyonya hageuki kutafuta alipoingilia, hupaa juu kufuata mwanga.

Chambo ni ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kwa mitego 10 nunua kilo 3, menya, ponda zote kwenye ndoo moja, uache zichachuke siku mbili hadi tatu kivulini. Kifuniko kisikazwe, kwa sababu hewa ya uchachu ikikosa pa kutokea itakirusha. Usiponde ndoo mbili kwa siku tofauti ukagawa nusu kwa nusu: mtego wenye chambo kikali zaidi utavuta vipepeo wengi, na utakuwa umelinganisha uchachu, si vipepeo wa sehemu mbili. Weka vijiko vitano vya kulia kwa kila mtego, na siku ya tatu badilisha chambo cha mitego yote kutoka ndoo ile ile. Chambo kiwe kizito kama uji wa mgonjwa aliyeanza kupona. Kikiwa majimaji, mabawa yananata na kipepeo anakufa.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, iliyotangazwa 1997, iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo kibali kwanza. Mwenye shamba la iliki chini ya miti anaweza kuanzia kwake, kisha alinganishe na ukingo wa msitu, au na shamba la misaji kama la Longuza. Tundika mitego mita 1 hadi 1.5 kutoka ardhini, umbali wa mita 50 au zaidi kati ya mmoja na mwingine. Paka grisi sentimita 5 za kamba ya kutundikia, kisha kata kila jani linalogusa shela, maana sisimizi wa majimoto hawahitaji kamba wakipata jani. Asubuhi ukikuta mabawa manne yamelala juu ya sahani na mwili haupo, tazama vizuri pembe za ndani: vunjajungu yumo humo, kijani kitupu, anasubiri mwingine.

Kagua kila siku kwa siku tano, saa zile zile. Mbane kipepeo taratibu kwa nje ya shela mpaka mabawa yafumbane, ingiza mkono mlangoni, umshike kwa vidole viwili mabawa yote yakiwa yamefumba, karibu na kifua. Usimshike kwa ncha za mabawa, zitachanika. Andika namba ndogo kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa chini wa bawa la nyuma, ambao unaonekana akiwa ametua. Mpige picha pande zote mbili, mwachie. Akirudi kesho, namba itakuambia kwamba hujapata kipepeo wa pili.

Vipepeo wa jenasi ya Bicyclus ndio watakaokuchosha. Ni wa kahawia, wadogo, wanakaa chini, na wana madoa kama macho pembezoni mwa mabawa. Wa masika wana madoa makubwa yenye duara la njano. Wa kiangazi, wa spishi ile ile, madoa yamefifia hadi kuwa vitone. Joto analokulia kiwavi ndilo huamua. Wengi wameandika spishi mbili hapo. Euphaedra neophron hakusumbui: mabawa yenye mng'ao wa buluu, na mkanda wa rangi ya chungwa kukata bawa la mbele.

Mtego huu haukamati vipepeo wote. Kipepeo wa jenasi ya Papilio hunyonya maua, hatakuja kwenye ndizi hata akiwa amejaa msituni, kwa hiyo usiandike kwamba hayupo. Mtego uliokuwa mtupu andika 0, na uliopinduliwa na kima andika "umeharibika", kwani hayo ni mambo mawili tofauti. Tumia penseli, wino wa kawaida hauhimili mvua ya Usambara.

Jioni ya siku ya tano shusha mitego yote na uoshe sahani. Uliosahaulika mtini utaendelea kukamata, na hakuna atakayekuja kufungua vibanio.