Kabla hujakubali kupasuliwa mgongo

Ndugu mlioko Uganda, daktari akikwambia mgongo wako unahitaji kisu, kwanza hakikisha jina lake limo kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari, UMDPC, na kibali chake ni cha mwaka huu. Hilo ni la dakika chache. Kazi yenyewe ni kumuuliza: yeye mwenyewe amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, na nisipopasuliwa itakuwaje? Daktari mzuri hachukii maswali hayo. Anayekasirika, au anayetaka malipo ya awali kabla hajakugusa miguu kupima nguvu na ganzi, mimi ningemkimbia.

Diski iliyochomoza, yaani kile kitakio laini kati ya pingili za mgongo kikitokeza nje, hutulia kwa wengi ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa na mazoezi. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho, ambacho huku kwetu si kigeni, mara nyingi hutibiwa kwa dawa za miezi mingi. Kwa hiyo uliza kama kimechunguzwa.

Picha za MRI umelipia, ondoka nazo, filamu au CD pamoja na ripoti, umpelekee daktari wa pili asiye wa hospitali hiyohiyo. Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa Wizara ya Afya unakuruhusu. Nenda na mtu wa kuandika majibu, maumivu husahaulisha.

Ila mkojo ukiziba au kukutoka, ganzi ikishika sehemu za siri, au miguu ikilegea ghafla, usitafute maoni ya pili. Kimbilia hospitali kubwa siku hiyohiyo.