Breki za Morton mvunguni mwa behewa la makaa: hatua kwa hatua

Shusha macho hadi usawa wa reli, ulitazame behewa la modeli kama mtu aliyesimama kando ya njia anavyoliona la kweli. Kwenye modeli nyingi za plastiki za 1:76 kasoro zinajitokeza papo hapo. Viatu vya breki vinaning'inia nje ya magurudumu badala ya kuyaelekea, mkono wa breki ni mnene kama nondo, na katikati ya chesisi, mahali pa shafti, unaona mwanga wa upande wa pili. Juu behewa limepakwa rangi likapendeza, lakini mvunguni hakuna kitu ambacho kingeweza kulisimamisha.

Mwongozo huu unahusu behewa la makaa la tani 16 la Uingereza, lile la chuma lililochomelewa ambalo shirika la reli liliandikisha kama mchoro 1/108, lenye breki za mkono tu, bila breki ya vakyumu inayoendeshwa kutoka kwenye injini. Mabehewa mengine ya magurudumu manne ya nchi ile yanafuata mantiki hiyohiyo, ila vipimo vinabadilika.

Kwanza, nguvu inapita wapi

Usikate kitu kabla ya kuelewa sehemu hii, maana ndiyo inayozuia vipande kubandikwa kichwa chini.

Kanuni za usalama za 1911 nchini Uingereza zilitaka breki ya behewa iweze kufungwa kutoka kila upande, ili mfanyakazi wa shanting, yaani kazi ya kupanga mabehewa, asilazimike kuvuka njia katikati ya mabehewa. Kila ubavu ukapata mkono wake, na ukisimama kuutazama ubavu wowote, mpini uko kulia. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Mkono wa ubavu mmoja ukikandamizwa, shafti ya katikati inazunguka upande mmoja. Wa ubavu wa pili ukikandamizwa, shafti ileile ingezunguka kinyume na kuachia breki badala ya kuifunga. Klachi ya Morton, kipande kidogo cha meno kwenye ubavu mmoja tu, ndiyo inayogeuza mwendo huo.

Kwenye shafti kuna kipande chenye ncha mbili, moja juu na moja chini. Hapa tutakiita pembea. Kila ncha imeshika ufito unaokwenda kusukuma kiatu kimoja. Sasa fikiria ubavu usio na klachi ya kugeuza. Mkono ulio kulia unashuka, shafti inazunguka kama mshale wa saa, ncha ya juu ya pembea inakwenda kulia na ya chini inakwenda kushoto. Kwa hiyo ufito wa kulia unafungwa juu, wa kushoto unafungwa chini. Kwenye ubavu wenye klachi mambo yanageuka: wa kushoto juu, wa kulia chini. Viatu viko upande wa ndani wa magurudumu, kwa hiyo fito daima zinasukuma. Ukiona ufito ambao ungevuta, umeukosea.

Behewa letu lina viatu viwili tu, vyote kwenye ubavu mmoja. Ubavu wa pili una mkono na chuma cha V kinachoshika shafti, bila kiatu hata kimoja, na usijaribiwe kuvijaza kwa kudhani mtengenezaji alisahau. Klachi iko ubavu upi, picha ya behewa unaloiga ndiyo iamue. Picha hiyohiyo ikuonyeshe kama behewa lina milango ya sakafuni, kwa sababu shafti ya kukatisha ingeizuia isifunguke. Mabehewa yenye milango hiyo yalipewa breki za kujitegemea: viatu vinne, kila ubavu na viwili vyake, na hakuna shafti inayovuka. Ukiweka shafti chini ya milango ya sakafuni, umeunda behewa ambalo halikuwezekana.

Vifaa

- Waya wa shaba wa 0.8 mm kwa shafti (30 mm zinatosha), wa 0.5 mm kwa pini, na wa 0.3 mm kwa vitanzi vya usalama.
- Shiti ya plastiki ya 0.25, 0.5 na 1 mm.
- Vipande vya shaba vilivyochongwa kwa asidi: mikono 2 ya breki, kinga 2 za mikono hiyo (kanda zenye matundu ya pini), vyuma vya V 3 au 4, pembea 1, fito 2, viatu 2.
- Drili ya mkono na biti za 0.3, 0.5 na 0.8 mm. Nunua mbili za 0.3, moja itakatika.
- Pasi ya kulehemu ya wati 25 hadi 40, lehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi 145, na dawa ya kulehemu ya asidi ya fosfori.
- Butanoni au kiyeyushi kingine cha plastiki, na gundi ya papo hapo.
- Kibano chenye ncha kali, tupa ndogo, kikwadrati cha fundi, na kipande cha kioo.

Hatua ya 1: pima chesisi yenyewe

Behewa halisi lina futi 16 na inchi 6 kati ya nyuso za boriti za mwisho, na futi 9 kati ya ekseli. Kwa milimita 4 kwa kila futi unapata 66 mm na 36 mm. Pima yote mawili. Watengenezaji wamezoea kutumia chesisi moja chini ya mabehewa mengi, na ukikuta 40 mm kati ya ekseli, hiyo ni chesisi ya behewa la futi 10. Breki nzuri hazitaiokoa, tafuta nyingine.

Kisha weka magurudumu na ulisimamishe behewa juu ya kioo. Bonyeza kila pembe kwa kidole. Likiyumba, rekebisha sasa, kwa sababu baada ya shafti na fito kuingia huwezi tena kukunja kitu bila kuvunja kingine.

Hatua ya 2: toa breki za zamani

Dondoshea tone la kiyeyushi kwenye kipande cha ndani kisichoonekana. Uso ukinata, ni polistairini na kazi itakuwa rahisi. Ukibaki mkavu na wenye utelezi, ni plastiki isiyokubali gundi, na kila kitu utakachoongeza kitahitaji tundu na pini ya waya.

Kata kwa plaizi ya kukatia bapa, vipande vifupi vifupi, kuanzia katikati kuelekea kwenye gurudumu. Usipinde wala kusokota. Nguvu ya kusokota inafika kwenye mguu wa umbo la W unaoshika ekseli, nao ndio mwembamba kuliko vyote. Masalia yasawazishe kwa kisu kikali na msasa.

Hatua ya 3: viatu

Njia ya OO, inayotumiwa na modeli nyingi za 1:76, ina upana wa 16.5 mm, ilhali kwa skeli hii ingepaswa kuwa 18.83 mm. Mwili wa behewa una upana sahihi lakini magurudumu yameingia ndani, na ndiyo maana breki zilizomwagwa pamoja na ubavu wa chesisi zinabaki nje. Katikati ya sehemu ya gurudumu inayokanyaga reli iko takriban 9 mm kutoka mstari wa kati wa behewa. Wanaotumia njia ya P4, yenye upana huo sahihi wa 18.83 mm, wapime takriban 10 mm.

Chora mstari wa kati sakafuni kwa penseli, kisha mstari wa pili 9 mm kutoka hapo, upande wa viatu. Bandika juu yake kipande cha shiti ya 1 mm, upana 3 mm, kiwe cha kuning'inizia kiatu. Kiatu kikae na katikati yake usawa wa ekseli au chini kidogo.

Nafasi kati ya kiatu na gurudumu iwe 0.5 mm. Ipate kwa kuchomeka ukanda wa shiti ya 0.5 mm wakati gundi inakauka, halafu uuvute. Ukisogeza karibu zaidi picha itapendeza, lakini magurudumu mengi ya modeli hayana uduara kamili. Yatagusa mara moja kila mzunguko na behewa litatembea kwa kushtukashtuka.

Tahadhari kwa atakayetumia mbinu hii kwenye behewa la viatu vinne vilivyounganishwa kwa shafti. Magurudumu ya chuma yanabeba umeme wa reli mbili tofauti, na viatu vya shaba vikigusa pande zote mbili kupitia shafti ya shaba, umefanya shoti. Weka viatu vya plastiki, au ikate shafti katikati na uiunge kwa gundi ya epoksi.

Hatua ya 4: vyuma vya V na shafti

Shafti iko katikati kabisa ya ekseli mbili, 18 mm kutoka kila moja. Chuma cha V cha nje kinakaa kwenye boriti ya ubavu, pande zote mbili. Upande wa viatu kuna na cha ndani, na pembea inacheza katikati ya hivyo viwili. Ikiwa pembea iko 9 mm kutoka mstari wa kati, V ya ndani iweke kama 7.5 mm.

Pitisha waya wa 0.8 mm katika matundu yote kabla ya kubandika chochote kabisa. Weka kikwadrati dhidi ya boriti ya ubavu, pima umbali hadi ekseli pande zote mbili, na ndipo utie gundi kwenye V za nje. Shafti iliyopinda nusu milimita inaonekana ukiwa umesimama, kwa sababu jicho linailinganisha na ekseli mbili zilizo jirani.

Pembea ilehemiwe kwenye shafti nje ya behewa, ncha zikiwa zimesimama wima kabisa. Tia dawa kidogo, gusa pasi kwa sekunde mbili, na uondoe. Kisha osha kwa maji, magadi ya kuokea na mswaki mkuukuu. Dawa ya asidi ikiachwa inageuka ukungu wa kijani baada ya wiki kadhaa na kuinua rangi.

Hatua ya 5: fito na vitanzi

Rudia kanuni ya juu na chini kwa sauti ikibidi, kisha funga fito kwa pini za waya wa 0.5 mm. Ncha ya pini inayojitokeza iachwe 0.3 mm, kwenye behewa halisi pale pana kichwa cha pini, na kivuli chake ndicho kinachofanya kiungo kisomeke kama kiungo.

Chini ya kila ufito kuna kitanzi cha usalama, ukanda wa chuma unaoudaka ufito ukikatika usije ukaangukia njia. Kunja waya wa 0.3 mm kuwa umbo la U, upige nyundo kidogo uwe bapa, na uingize miguu katika matundu sakafuni. Kibaki angalau 2 mm juu ya kichwa cha reli, la sivyo kitanasa kwenye makutano ya njia.

Hatua ya 6: mikono

Mkono wa shaba unatoka kwenye karatasi yake ukiwa tambarare, na ukiubandika hivyo utagonga kasha la ekseli. Uukunje mara mbili: kwanza kwenda nje baada tu ya V, kisha kurudi sambamba na ubavu, upite mbele ya kasha na springi bila kugusa.

Mpini unastahili dakika tano za ziada. Karatasi ya shaba ina kingo za mraba, ilhali mpini halisi uliviringishwa kwa ajili ya kiganja. Yeyusha lehemu kidogo juu ya milimita 3 za mwisho mpaka ivimbe, kisha izungushe kwa tupa laini iwe duara. Baadaye ncha hiyo ipakwe nyeupe.

Kinga ya mkono ni ukanda wima wenye matundu ya pini. Breki ikiwa wazi, mkono uko juu ndani ya kinga, karibu mlalo. Ukitaka behewa lililoegeshwa, ushushe mkono na ujaze pini, lakini hapo viatu navyo lazima viguse magurudumu, na behewa halitatembea tena. Chagua moja.

Hatua ya 7: rangi

Shaba inahitaji praima ya kushika chuma. Rangi ya kawaida juu ya shaba tupu inabanduka kwa ukucha. Behewa lisilo na vakyumu lilipakwa kijivu mwilini, na rangi ya hudhurungi nyekundu ilikuwa ya mabehewa yenye vakyumu. Ukichagua hiyo ya pili unalazimika kuongeza silinda, bomba la wima kwenye kila boriti ya mwisho, na seti kamili ya viatu.

Chini usipake nyeusi tupu, kwani inameza kazi yote uliyofanya. Tumia kijivu kizito, kisha unga wa rangi ya kutu kuzunguka viatu na uso wa magurudumu, palepale vumbi la breki linaporukia. Kabla ya hapo ziba matundu ya ncha za ekseli kwa vipande vya kijiti cha meno.

Hatua ya 8: jaribio

Ongeza uzito ndani ya mwili mpaka behewa lifike takriban gramu 50, yaani 25 kwa kila ekseli. Lisukume nyuma, si kulivuta, kwenye kona ya nusu kipenyo cha 438 mm na kupitia makutano.

Likiruka reli kwenye kona peke yake, kwa kawaida gurudumu linasugua kitanzi au V ya ndani. Tafuta alama ya shaba inayong'aa kwenye rangi. Likivutika kuelekea upande mmoja kwenye njia iliyonyooka, kiatu kimoja kinagusa. Likigonga kwa mdundo, gurudumu si duara, na dawa ni kubadilisha gurudumu, si kukata kiatu.

Mwisho weka simu mezani, lenzi ikiwa usawa wa reli, taa nyuma ya behewa, na upige picha ya ubavu wenye viatu. Kivuli cheusi kitaonyesha kila kiungo kisichofika mahali pake, hata kile ambacho rangi imekificha.